Namba ya Siri Inayojulikana na Darasa Zima

Wizi wa akaunti ni mtu kuingia katika barua pepe, WhatsApp, mtandao wa kijamii au mfumo wa serikali kwa jina la mwingine na kuishika akaunti hiyo kama yake. Ulaghai wa utambulisho huja baadaye: kutumia jina, namba na karatasi za mwenyewe kukopa pesa, kusajili laini, kuwaomba jamaa msaada au kugeuza maamuzi aliyokwisha kuyafanya. Wanafunzi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, huyaita yote mawili kwa neno moja: "nimehakiwa". Neno hilo humfanya msikilizaji amwone fundi wa kompyuta aliyejifungia chumbani akivunja kufuli za mitambo. Mara nyingi hakuna kilichovunjwa. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo halali, ambao mwanafunzi aliutoa mwenyewe, aliusahau mahali, au hakuwahi kuwa nao peke yake tangu mwanzo.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo. Ushauri mwingi wa usalama mtandaoni huandikiwa mtu mwenye simu yake, kompyuta yake na laini yenye jina lake. Wanafunzi wengi wa Eastlands hawana hata kimoja kati ya hivyo. Simu ni ya mama, kompyuta ni ya saiba (duka la intaneti la mtaani), laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba, na namba zinazomtambulisha mtoto zimo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani shuleni. Kinga itakayomfaa haina budi kuanzia hapo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mfumo wa kuchagua kozi za vyuo unaosimamiwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa, mtahiniwa huingia kwa namba yake ya mtihani, mwaka alioufanya, na nywila ya kuanzia ambayo kwa kawaida imekuwa namba ya cheti cha kuzaliwa au namba aliyofanyia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hizo ni namba, lakini hazina siri yoyote. Namba ya KCSE ina tarakimu 11: tarakimu 8 za mwanzo ni za shule na 3 za mwisho ni za mtahiniwa, zikipangwa kwa mfululizo, kwa hiyo anayeijua yake anaikisia kwa urahisi ya aliyeketi mbele yake. Namba ya KCPE iliwahi kupita mikononi mwa mwalimu wa darasa, karani wa sekondari na kila jamaa aliyetumiwa matokeo. Nakala za cheti cha kuzaliwa zimeachwa kwenye kila ofisi ambayo mtoto aliwahi kuomba nafasi.

Mwaka 2025 baadhi ya waliokuwa wanafunzi wa shule moja ya Kaunti ya Kakamega walikuta kozi walizochagua zimebadilishwa bila wao kujua. Waliotarajia shahada waliona wamepangiwa masomo ambayo hawakuyaomba. KUCCPS ilieleza kwamba mfumo wenyewe haukudukuliwa, na wapelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, wakaingia kazini. Tukio hilo halikuwa la Nairobi, lakini mtahiniwa wa Ofafa Jericho au Buruburu hutumia mfumo uleule na namba za aina ileile. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na waliouketia watafanya KCSE mwaka 2027, kwa hiyo jambo hili bado lina miaka yake. Hata mtaala mpya una namba zake za tathmini, nazo pia huandikwa kwenye orodha.

Dawa ya kwanza ni nyepesi na hufanywa siku ileile mfumo unapofunguliwa: nywila ya kuanzia ibadilishwe kabla kozi yoyote haijachaguliwa. Ya pili ni kuchapisha au kupiga picha ukurasa wenye kozi zilizochaguliwa pamoja na tarehe. Ya tatu husahauliwa na wengi: kurudi kuangalia tena siku ya mwisho, saa chache kabla dirisha halijafungwa, kwa sababu anayetaka kumharibia mwenzake huchelewa kusudi.

Mahali ambapo siri nyingi humwagika ni saiba. Hakuna haja ya kuwalaumu wanaoziendesha. Katika Umoja, Kayole, Mutindwa na kandokando ya Barabara ya Jogoo, saiba ndiyo ofisi ya umma ya mtaa. Hapo ndipo fomu za mkopo wa masomo wa HELB hujazwa, cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mzazi asiyejua kompyuta hupata mtu wa kumsaidia kwa ada ndogo. Tatizo ni mazoea yaliyojengeka kwa haraka ya kazi. Mwanafunzi anapohitaji barua pepe, mhudumu humfungulia, humchagulia nywila, tena mara nyingi ileile aliyowapa wateja watano waliotangulia, kisha huweka namba yake mwenyewe ya simu kama namba ya kurejeshea akaunti ili msimbo wa kuthibitisha usichelewe. Nywila huandikwa kwenye daftari la kaunta, kwa sababu mteja atarudi akiwa ameisahau. Yote hufanywa kwa nia njema, lakini miezi sita baadaye kijana ana akaunti ambayo mwenyewe halisi, machoni pa Google, ni mtu wa saiba.

Kuna pia suala la karatasi. Mteja huambiwa, "Tuma kwa WhatsApp ya hapa nikuprintie." Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani na kitambulisho cha mzazi huingia kwenye simu au barua pepe ya duka na kubaki humo. Kilichopakuliwa hukaa kwenye folda ya kompyuta ambayo kila anayeketi kitini anaweza kuifungua. Seti hiyo ya karatasi tatu ndiyo anayoihitaji mtu anayetaka kujifanya mwingine.

Anayetumia kompyuta ya umma, iwe saiba au maktaba, hujilinda kwa mwenendo. Brauza hufunguliwa kwa dirisha la faragha, ambalo halihifadhi kilichoandikwa likishafungwa. Ikiuliza kama iweke nywila, jibu ni hapana. Nywila huchapwa na mwenyewe, hata kama mhudumu ana vidole vyepesi zaidi. Namba na barua pepe za kurejeshea akaunti huwa za nyumbani. Faili zilizopakuliwa hufutwa, kisha hufutwa tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Mhudumu huombwa afute alichotumiwa kwenye WhatsApp, mteja akiwa bado amesimama pale. Mhudumu mwaminifu haoni ubaya kuombwa hivyo, na saiba ingefanya vyema kubandika ilani inayowakumbusha wateja. Mwisho, mtu hutoka kwenye akaunti kabla hajainuka. Aliyesahau anaweza kuingia kwenye mipangilio ya Google akiwa kwenye simu yoyote ya kuaminika, kuona orodha ya vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti yake na kuviondoa asivyovitambua.

Kufuli kuu ya yote haya ni laini ya simu. Akaunti nyingi anazotumia mwanafunzi hurejeshwa kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo anayeishika laini anashika kila kitu. Walaghai wanalijua hilo vizuri. Polisi wamewakamata mara nyingi watu wa eneo la Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, kwa kubadilisha laini za wengine, na simu za ulaghai kutoka gereza la Kamiti zimezoeleka hadi zimekuwa msemo wa mtaani. Mbinu yao ni moja kwa sura nyingi. Mpigaji hujitambulisha kama mhudumu wa kampuni ya simu, humtia mtu hofu kwamba laini yake itafungwa, kisha humwomba namba ya kitambulisho, PIN, au abonyeze tarakimu fulani. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa namba 0722 000 000 pekee na kwamba ujumbe wa ulaghai hutumwa 333 bila malipo. Anayebonyeza *100*100# huzuia laini yake isibadilishwe na wakala yeyote. Baada ya hapo, kubadilisha laini humlazimu mwenyewe kufika dukani. Kwa familia inayotumia simu moja, hatua hiyo ya dakika moja huwalinda mama na watoto wote waliofungua akaunti kwa namba yake.

Wanafunzi wenyewe hunaswa zaidi kwa msimbo wa tarakimu 6 wa WhatsApp. Ujumbe hutoka kwa rafiki halisi, ambaye akaunti yake imeshatekwa: "Niaje, nimekutumia code kimakosa, nirushie." Msimbo ukishatumwa, akaunti huhama, na dakika chache baadaye wanaomfahamu mwanafunzi huanza kuombwa pesa, huku wakiahidiwa zitarudi jioni. Viungo vya bando la bure vinavyozunguka kwenye makundi hufanya kazi kwa namna hiyohiyo, sawa na ahadi za almasi za Free Fire kwa vijana wanaocheza gemu. Mtu huulizwa namba na nywila ili apokee zawadi ambayo haipo. WhatsApp ina kinga yake: katika mipangilio ya akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili humruhusu mtumiaji kuweka PIN yake ya tarakimu 6 pamoja na barua pepe. Mwizi akipata msimbo wa ujumbe mfupi bado atakwama kwenye PIN.

Kuna hatari nyingine ya laini ambayo ni nadra kutajwa. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa sokoni na kuuziwa mtu mwingine. Vijana hununua laini kwa ajili ya ofa, wakafungulia akaunti, kisha wakaitupa. Atakayeinunua baadaye, hata bila nia mbaya, atapokea misimbo ya akaunti hizo. Kabla ya kuacha laini, namba yake huondolewa kwanza kwenye kila akaunti.

Wanaosoma shule za bweni wana ugumu wao. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo akaunti hukaa muhula mzima bila mwenyewe kuiona, na mwizi hupata wiki nyingi za kufanya atakavyo. Wakati huohuo mzazi aliyeko Donholm au Huruma hupigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu wa zamu: mtoto ameanguka, yuko hospitali, pesa zitumwe sasa hivi. Mpigaji ana jina kamili la mtoto, darasa lake na namba yake ya kuandikishwa. Aghalabu ameyapata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambako orodha za darasa hutumwa pamoja na namba za simu, na kiungo cha kujiunga kimesambazwa kila mahali. Ulaghai huu ni wa kikatili kuliko mingine yote, kwa maana unaugeuza upendo wa mzazi kuwa silaha dhidi yake. Kinga yake ni kukata simu na kupigia namba ya shule iliyohifadhiwa tangu siku ya kwanza, na familia kuwa na neno moja la siri ambalo halijaandikwa popote.

Shule nazo zina wajibu, na wajibu huo ni wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, hairuhusu data ya mtoto kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi na bila kuzingatia maslahi ya mtoto. Kifungu cha 43 humpa anayehifadhi data saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data inapovuja na kuwa na hatari ya kumdhuru mwenyewe. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait ilitoza shule moja ya Uthiru, upande wa pili wa jiji, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule inayobandika majina, namba za mitihani na namba za vyeti vya kuzaliwa kwenye ubao mmoja inajiweka kwenye hatari hiyohiyo.

Madhara ya uzembe wa taasisi yalionekana kwa ukubwa mno Desemba 2024, kampuni ya PowerSchool, inayohifadhi kumbukumbu za shule nyingi za Marekani na Kanada, ilipoibiwa data za makumi ya mamilioni ya wanafunzi. Aliyekiri kosa mwaka uliofuata alikuwa mwanafunzi wa chuo wa miaka 19 kutoka Massachusetts. Aliingia kwa jina na nywila za mtumiaji halali zilizokuwa zimeibwa, yaani kwa njia ileile ya daftari la kaunta.

Kuhusu nywila zenyewe, mafundisho ya zamani yamebadilika. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, uliweka uzito kwenye urefu, ukaacha kuwalazimisha watu kuchanganya alama za ajabu na kubadilisha nywila kila baada ya muda. Kwa mwanafunzi hii ni habari njema. Maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili, ya Sheng au ya lugha ya nyumbani, hukumbukwa kwa urahisi na ni magumu kukisia. Jina la timu na mwaka ilipoanzishwa, au jina la mtaa na namba ya nyumba, hukisiwa na jirani yeyote. Nywila ya barua pepe isitumike kwingine kokote, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua nyingine zote zikipotea. Kuiandika kwenye karatasi inayowekwa pamoja na vyeti nyumbani si kosa. Ni salama kuliko kuihifadhi kwenye simu inayopita mikononi mwa kaka, dada na jirani.

Hatua ya pili ya uthibitisho humtatiza asiye na simu, lakini Google hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumika mara moja tu. Ikichapishwa na kuwekwa mahali salama, humwezesha mwanafunzi kuingia kwenye akaunti yake bila kutegemea simu ya mtu. Kabla ya kurudi bweni, kijana hutoka kwenye vifaa vyote, huweka namba ya mzazi kama ya kurejeshea, na humwonyesha mzazi ujumbe halisi wa tahadhari ulivyo, ili ukija katikati ya muhula asiudharau.

Akaunti ikishaibwa, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Ya WhatsApp hurejeshwa kwa kujisajili upya kwa namba ileile; msimbo mpya ukiingizwa, mwizi hutolewa. Kama ameweka PIN yake, mwenyewe atasubiri siku 7 kabla ya kusoma jumbe, ila mwizi naye atakuwa ameshatoka. Marafiki hupigiwa simu kwa sauti, wasitumie chochote. Mtandao wa simu ukipotea ghafla bila sababu, huenda laini imebadilishwa: kampuni ipigiwe mara moja kwa simu ya jirani, M-Pesa izuiwe, kisha mwenyewe aende dukani na kitambulisho. Picha za jumbe zihifadhiwe kabla hazijafutwa, kisha ripoti iandikwe katika kituo cha polisi kilicho karibu na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ichukuliwe. DCI hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203, na mtoto anayetishwa au kuaibishwa kwa picha zake anaweza kupiga 116, namba ya kuwasaidia watoto. Mtoto asiogope kusema. Wengi hunyamaza wakidhani watanyang'anywa simu, na mwizi hutegemea kimya hicho; mzazi anayesikiliza kwanza na kukemea baadaye huokoa mengi.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29, humwadhibu anayetumia kwa ulaghai nywila au kitambulishi cha mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Marekebisho ya Oktoba 2025 yaliongeza kosa la kubadilisha laini ya mtu bila idhini. Wanafunzi wanastahili kuyajua haya mapema, maana aliyeingia kwenye akaunti ya mwenzake "kwa mzaha" amevunja sheria ileile.

Mlango mwingine hufunguka kijana anapofika miaka 18 na kupata kitambulisho. Wanaomsubiri ni wengi: wakala wa barabarani anayempiga picha mara mbili na kusajili laini ya ziada, mtu anayemwahidi mia mbili ili aazime kitambulisho, programu za mikopo zinazotaka kusoma majina yote kwenye simu. Mwaka 2023 maelfu ya vijana walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC jijini kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya takriban shilingi 7,000, hadi serikali ilipoisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Kitambulisho kipya hakikopeshwi, nakala yake huandikwa juu yake kwa kalamu imetolewa kwa shughuli gani na tarehe gani, na kila baada ya miezi michache mwenyewe hubonyeza *106# kuona laini za Safaricom zilizosajiliwa kwa jina lake. Ikionekana asiyoijua, huiripoti dukani ifungwe na huchukua namba ya OB, kwa sababu siku polisi watakapofuatilia ujumbe wa ulaghai uliotumwa na laini hiyo, jina watakalolikuta ni lake.